Skuta haishiki sailensa: gumzo la kikundi cha familia

Zuhura: Shikamoo mjomba Kassim, shikamoo shangazi Tatu. Naomba msaada wa skuta. Ni ya cc 125, mipigo minne, ya kabureta. Imelala chini ya turubai zaidi ya miezi miwili. Selfu inazungusha vizuri ila inawaka nikiwa nimevuta resi tu. Nikiachia mkono inazima, yaani haishiki sailensa, ule mngurumo wa chini bila kuvuta resi. Nikivuta resi ghafla inakohoa, inataka kufa.

Mjomba Kassim: Marahaba mwanangu. Petroli iliyomo ni ile ile ya kabla haijalazwa?

Zuhura: Ile ile. Nimeongezea mpya juu yake.

Mjomba Kassim: Basi itoe yote. Petroli ikikaa, sehemu nyepesi inapaa, kinachobaki kinaganda kama gundi ndani ya kabureta. Ukimimina mpya juu yake hujatibu kitu.

Nuru: Dada Zuhura, kaza skrubu ya sailensa mizunguko miwili, haitazima tena.

Mjomba Kassim: Hapana Nuru, asifanye hivyo. Skrubu hiyo inafungua kipepeo tu, kile kibamba kinachopitisha hewa kwenye kabureta. Injini itaanza kunyonya mafuta kupitia njia nyingine, na tundu la sailensa litabaki limeziba vile vile. Halafu hii ni skuta ya belti. Sailensa ikipanda mno, klachi inashika yenyewe na tairi la nyuma linaanza kusukuma hata hujagusa resi. Mtu anaweza kuumia.

Shangazi Tatu: Marahaba Zuhura. Dalili ulizotaja zinatosha kuonyesha pa kuanzia. Kabureta ya aina hiyo hupeleka mafuta kwa njia tatu. Kutoka sailensa hadi kama robo ya resi ni kazi ya jeti ndogo, kipande cha shaba chenye tundu la kupimia mafuta. Katikati ni sindano. Ukivuta resi yote ni jeti kubwa. Injini inayoishi ukivuta na kufa ukiachia, mtuhumiwa wa kwanza ni jeti ndogo. Ingekuwa inashika sailensa vizuri halafu inakata ukivuta mpaka mwisho, ningekutuma kwenye jeti kubwa au diaframu, ule utando wa mpira unaoinua sindano.

Mjomba Kassim: Naam, ila kabureta isifunguliwe kabla ya kuhakikisha moto na mafuta. Zuhura, chomoa plagi. Tazama rangi ya ncha, pima na mwanya: uwe kati ya milimita 0.6 na 0.7. Kisha ivike kofia yake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi, zungusha selfu. Cheche iwe ya buluu na ipige bila kuruka. Nasisitiza mbali na tundu, kwa sababu mvuke wa petroli unatokea hapo hapo.

Shangazi Tatu: Na mafuta: chomoa bomba linaloingia kwenye kabureta, liingize kwenye chupa, zungusha selfu tena. Fanyia nje, pasiwe na moto wowote karibu.

Zuhura: Plagi ni kavu, ncha imepauka. Mwanya 0.7. Cheche ya buluu ipo. Mafuta yanakuja lakini kwa kurukaruka, si mfululizo. Ni kasoro?

Mjomba Kassim: Si kasoro. Koki (vali ya mafuta ya tangi) ya skuta hiyo hufunguliwa na mnyonyo wa injini, kwa hiyo mafuta hufuata mapigo ya pistoni. Ukisimamisha selfu na mafuta yakaendelea kutiririka, hapo ndipo koki ina tatizo. Plagi kavu iliyopauka maana yake hewa imezidi mafuta. Inakubaliana na jeti ndogo.

Shangazi Tatu: Ukiwa hapo hapo kagua na bomba jembamba la mnyonyo linalotoka kwenye koki kwenda kwenye injini. Lichomoe. Ndani liwe kavu kabisa. Likidondosha petroli, diaframu ya koki imepasuka na injini inanywa mafuta kwa mlango wa nyuma. Watu huhangaika na kabureta wiki nzima kumbe ni hicho kibomba.

Zuhura: Ni kavu.

Mjomba Kassim: Basi tufungue kabureta. Chomoa waya wa hasi wa betri. Legeza skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli, mwaga mafuta yaliyobaki kwenye chombo cheupe uone kama kuna maji au chembe. Maji utayaona yamejikusanya chini kama matone. Kisha legeza vibano viwili, cha upande wa filta na cha upande wa injini, toa kebo ya resi na soketi ya choki. Piga picha kila bomba kabla hujalichomoa.

Zuhura: Skrubu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa niiguse?

Mjomba Kassim: Utaitoa, lakini hesabu kwanza. Ikaze taratibu mpaka iguse mwisho, ukihesabu mizunguko. Andika hiyo hesabu. Ikigusa tu, simama: ncha yake ni kama sindano, ukiilazimisha inachimba tundu na kabureta haitakaa sawa tena. Baada ya hapo ndipo uitoe. Inatoka na springi, washa ndogo na oringi (pete ya mpira) ndogo sana. Mara nyingi oringi inabaki shimoni, na ukipuliza hewa bila kujua inapotea.

Shangazi Tatu: Kurudisha: springi kwenye skrubu, washa, oringi mwisho. Oringi ikitangulia springi, springi inaikata.

Mjomba Kassim: Fungua bakuli. Utaona floti, kile kiboya kinachoelea kwenye mafuta, na kipini chake. Kisukume kipini, toa floti pamoja na vali yake ndogo ya sindano. Tazama ncha ya mpira ya hiyo vali: ikiwa na alama ya duara iliyozama, mafuta yatakuwa yanafurika, badilisha. Jeti kubwa iko katikati na mshikio wake wenye matundu ya pembeni unatoka nayo. Jeti ndogo imezama ndani ya mrija ulio kando. Kwenye kabureta nyingine mrija huo umefunikwa kwa kizibo cha mpira, ndiyo maana wengi huosha kabureta na kuirudisha bila kuigusa jeti yenyewe. Tumia bisibisi inayojaa mfereji wake. Shaba ni laini, bisibisi nyembamba itautafuna.

Zuhura: [Picha] Nimeitoa. Nikiielekeza kwenye taa sioni mwanga upande wa pili.

Shangazi Tatu: Umeupata ugonjwa.

Nuru: Achukue pini aitoboe.

Shangazi Tatu: Nuru, pini ya chuma hapana. Namba ya jeti kwa kawaida ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita. Jeti ya 35 ina tundu la kama milimita 0.35. Ukilipanua kidogo tu, sailensa itakula mafuta kupita kiasi na plagi itakuwa nyeusi kila siku, na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Ilaze kwenye dawa ya kusafisha kabureta usiku kucha, asubuhi puliza hewa. Ikigoma, chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme, upitishe bila kusugua.

Mjomba Kassim: Na kabla hujapuliza dawa kwenye mwili wa kabureta, toa kila kitu cha mpira. Hasa diaframu iliyo chini ya kifuniko cha juu. Dawa inaivimbisha na haitarudi kwenye umbo lake. Inyooshe kidogo dhidi ya mwanga, tafuta matundu ya ncha ya sindano. Wakati wa kuirudisha ina kiulimi kimoja pembeni, kikae kwenye nafasi yake. Ukifunga kifuniko na ukingo wa diaframu umebanwa vibaya, skuta haitapita nusu ya mwendo wake.

Zuhura: Njia za ndani nitajuaje zimefunguka?

Mjomba Kassim: Puliza dawa kwenye mrija wa jeti ndogo jeti ikiwa nje. Itokee kwenye tundu la skrubu ya mchanganyiko, na kwenye vitundu vidogo karibu na kipepeo. Kitundu kisichotoa kitu, rudia hapo mpaka kitoe. Vaa miwani, inaruka hadi machoni.

— Kesho yake —

Zuhura: Inawaka kwa selfu bila kuvuta resi! Mwanga unapita kwenye jeti. Nimerudisha skrubu kwenye hesabu yake, mizunguko miwili. Ila jambo moja: nikivuta resi na kuachia, inabaki inanguruma juu kitambo ndipo inashuka.

Mjomba Kassim: Vizuri sana. Sasa kuna mahali inanyonya hewa ya wizi, kati ya kabureta na silinda. Hewa hiyo haikupita kwenye kabureta, kwa hiyo haina mafuta. Iache injini ipoe kidogo, iwashe kwenye sailensa, nyunyizia maji ya sabuni pale kabureta inapoungana na mpira, kisha pale mpira unapofungwa kwenye injini kwa nati mbili, kisha kwenye kila kibomba. Mlio ukibadilika ukinyunyiza mahali fulani, ndipo hapo.

Nuru: Mimi nimeona wengine wanatumia dawa ya kabureta kwa kipimo hicho.

Mjomba Kassim: Inafanya kazi na inaonyesha haraka zaidi, lakini inawaka, na ekzosi iko moto pale chini. Maji ya sabuni yanatosha.

Zuhura: Mlio umebadilika kwenye nati mbili. Nimefungua, oringi imekauka na kuwa bapa.

Shangazi Tatu: Weka mpya ya kipimo kile kile, usijaze silikoni. Petroli inailainisha, vipande vinaingia ndani ya injini. Kaza nati kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule, ili uso wa mpira ukae sawa. Kagua na mpira wenyewe, ukunje kwa vidole uone nyufa ndani ya mikunjo.

Zuhura: Imetulia. Ikiachiwa inashuka mara moja.

Mjomba Kassim: Sasa ndio wakati wa kurekebisha, si kabla. Endesha dakika kumi ipate moto. Weka sailensa kama mizunguko 1,700 kwa dakika, au sikiliza tu: iungurume bila tairi la nyuma kuzunguka kwa nguvu, skuta ikiwa imesimama kwa stendi ya kati. Kisha geuza skrubu ya mchanganyiko robo robo, ukisubiri kidogo kila mara. Kwenye kabureta hii kufungua ni kuongeza mafuta. Tafuta pale injini inapokwenda kasi na laini zaidi, halafu shusha sailensa kwa skrubu yake.

Nuru: Mjomba, na ile inayowaka vizuri ikiwa baridi, ikipata moto ukizima haitaki kuwaka tena mpaka ipoe? Hiyo nayo ni jeti?

Shangazi Tatu: Hiyo mara nyingi ni mambo mawili. La kwanza choki ya umeme. Ndani ina nta inayopashwa moto na umeme, inasukuma kipini kufunga mafuta ya ziada baada ya dakika chache. Waya ukikatika, kipini hakitoki, mafuta yanazidi injini ikipata moto, moshi mweusi, plagi nyeusi. Kwenye skuta nyingi waya huo unapata umeme injini ikizunguka tu, kwa hiyo usiupime imezimwa ukasema umekufa. Itoe choki, iunganishe na betri ya volti 12, baada ya dakika tano iwe ya moto na kipini kiwe kimechomoza milimita kadhaa zaidi.

Mjomba Kassim: La pili ni tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu. Kwenye injini hizi valvu huzama kidogo kidogo kwenye viti vyake na nafasi inapotea. Ikipata moto valvu inarefuka, haifungi kabisa, kompresheni inatoroka. Pima injini ikiwa baridi kabisa, ya usiku kucha. Zungusha injini mpaka alama ya T ya kwenye magneti ikae sawa na alama ya kwenye mwili wa injini na roka zote mbili zicheze. Zisipocheza, uko kwenye mpigo mwingine, zungusha mzunguko mmoja kamili. Nyingi zinataka milimita 0.05 hadi 0.10, kitabu cha skuta yako ndicho kinachosema. Fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo.

Nuru: Nimeelewa mjomba.

Mjomba Kassim: Zuhura, kabla hujaenda nayo mbali, chomoa kijiti cha oili, kinuse. Vali ya floti ikiwa ilivuja wakati imelala, petroli huweza kushukia kwenye oili. Ikinuka petroli au kiwango kimepanda juu ya alama, mwaga oili yote, usiwashe.

Zuhura: Hainuki. Kiwango kiko kati ya alama mbili.

Mjomba Kassim: Haya. Endesha mwendo wa kawaida, simama, ikipoa chomoa plagi utuonyeshe.

Zuhura: [Picha]

Shangazi Tatu: Kahawia hafifu. Hiyo ndiyo rangi. Usiguse skrubu yoyote tena. Na ukijua itakaa tena bila kutumika, mwaga bakuli kwa ile skrubu ya chini kabla ya kuifunika.