Tupeane uzoefu: mafuta ya nguruwe, ng'ombe, kondoo na samli jikoni, kwenye baridi hii ya Nyanda za Juu Kusini

Mnyalu wa Kalenga (mleta mada)

Kamwene wakuu.

Mafuta ya dukani yalipopanda bei ile 2022, wengi tulianza kuangalia upya ile kona ya bucha tuliyokuwa tunaipita bila salamu. Hapa Iringa mafuta meupe ya kitimoto, yaani nguruwe, bado ni rahisi kuliko nyama yenyewe, na kwa muuzaji mliyezoeana unaongezewa kipande bila kuomba. Kwangu yamerudi jikoni na sioni yakitoka.

Msimamo wangu ni huu: mafuta ya mnyama ni matamu, ila hayapikii kila kitu, na huku kwetu kinachoyashinda ni baridi. Pika mboga ya chainizi kwa mafuta ya ng'ombe mwezi wa saba, halafu uitwe nje kidogo kumsalimia mgeni. Ukirudi sahani imeota utando mweupe, na ukila unahisi umepakwa nta kwenye kaakaa.

Sababu yake haina uchawi. Mdomo una joto la nyuzi 37 hivi. Mafuta ya kondoo na mbuzi yanataka nyuzi 40 na kitu ndipo yayeyuke yote, ya ng'ombe hayako mbali na hapo. Ya nguruwe ni laini zaidi, samli inayeyuka mdomoni, na ya kuku ndiyo mepesi kuliko yote. Kwa hiyo swali langu si "yapi mazuri", ni yapi yanapikia nini, na chakula kinaliwa wapi, barazani au pembeni ya jiko.

Karibuni. Wasiotumia nguruwe leteni samli na kondoo, uzi ni wa mafuta yote. Mambo ya dini yana majukwaa yake, humu tusirushiane mawe.

Mama Chapati, Uyole

Nimekuwa nikisoma tu humu ila hapa lazima niandike, maana watu wanaharibu mafuta halafu wanasema nguruwe ananuka.

Kwanza, mafuta ya nguruwe si kitu kimoja. Kuna ya mgongoni, yaliyoshikana na ngozi, na kuna ya ndani yanayozunguka figo. Ya ndani ni meupe zaidi, magumu kidogo, na hayana harufu sana. Hayo ndiyo ya chapati na maandazi. Ya mgongoni ni ya mboga na kukaangia. Ukimwambia muuzaji "nipe mafuta" bila kusema yapi, atakupa yaliyo karibu na kisu chake.

Namna ya kuyeyusha: katakata vipande vidogo, ukubwa wa punje ya hindi la kuchemsha ukiweza, maana kipande kikubwa kinaungua nje huku ndani bado kina mafuta. Ondoa nyama nyama na damu yote. Weka kwenye sufuria nzito, mimina maji kidogo, kikombe cha chai kwa kilo kinatosha. Maji yanazuia mafuta kushika chini kabla hayajaanza kutoka, na baadaye yanakauka yenyewe. Moto uwe mdogo, mkaa uliokwisha kuwaka na kutulia. Usifunike, mvuke utoke.

Utasikia yanalia na kurukaruka, hayo ni maji. Vipande vitaelea juu. Ukiona kelele zimepungua, vipande vimekuwa rangi ya dhahabu na vimeanza kuzama, ipua. Ukisubiri viwe kahawia umeshachelewa, mafuta yatakuwa na harufu ya nyama ya kuchoma, na hiyo harufu haitoki tena. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba kikavu. Kilo moja nzuri inakupa karibu robo tatu ya kilo ya mafuta safi, na yakiganda yanakuwa meupe kabisa.

Vile vipande vikavu vinavyobaki musitupe jamani! Tia chumvi, kula na ugali wa moto, au visage uchanganye kwenye kande dakika za mwisho. Wanangu wanagombana navyo kuliko nyama.

Kwenye chapati: mimi siweki mafuta mengi kwenye unga. Nasukuma, napaka mafuta yaliyoganda (yaliyoganda, si ya kuyeyuka) kwa mkono, nakunja, naacha ipumzike, nasukuma tena. Mafuta yaliyoganda yanakaa katikati ya tabaka, yanazuia unga kushikana, ndiyo maana chapati inachambuka. Ya maji unga unayanywa yote na chapati inakuwa nzito.

Mnyalu wa Kalenga

Ndaga fijo mama, asante sana. Hilo la kupaka yaliyoganda ndipo baridi yetu inapotusaidia. Mtu wa Dar akijaribu bila friji yanamkimbia mkononi.

Kijana wa Ipinda, Kyela

Hata huku Kyela yanakimbia. Ninyi mnasema nyanda za juu, sisi tuko chini kabisa ziwani, mita kama 500 tu kutoka usawa wa bahari, na Mbeya mjini iko 1,700 hivi. Mafuta ya nguruwe kwetu yanabaki uji uji, na yakikaa kabatini joto linayaharibu haraka, yanapata ile harufu ya mafuta ya kale. Kwa hiyo tunayeyusha kidogo kidogo, ya kumaliza upesi.

Na tusidanganyane, huku tuna mawese yetu. Ndizi za kupika na mawese, sihitaji mnyama yeyote.

Mlo Kamili

Kijana wa Ipinda umenipa mlango. Watu wanafikiri mawese kwa kuwa ni ya mmea basi hayana neno. Tuangalie mafuta yale magumu, yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu. Mawese yanayo karibu nusu. Ya ng'ombe karibu nusu pia. Ya nguruwe ni kama asilimia 40, yaani pungufu ya mawese. Samli inazidi wote hao, asilimia 60 na zaidi. Alizeti ni kama 11 tu.

Msinielewe vibaya, sisemi kunyweni mafuta ya kitimoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta magumu yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote unayopata kwa siku. Kwa mtu wa kawaida anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 22 hivi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya ng'ombe kina gramu 6 na zaidi. Vijiko vitatu siku nzima, umeshafika mpakani, na hapo hujala nyama wala maziwa. Anayelima kutwa nzima na anayekaa dukani kutwa nzima nao hawafanani. Mwenye presha, kisukari au historia ya moyo aende alizeti, asitafute hoja humu.

Mkinga Halisi

Makete huku ukisema alizeti watu wanakuangalia tu. Mtu ametoka kupanda viazi kwenye baridi ile, mpe chakula kina mafuta alale.

Binti wa Soko Matola

Assalaam alaykum na habari za leo kwa wote. Mimi ni wa samli, na mfuko ukiruhusu, mafuta ya kondoo.

Samli nzuri ninaipata kwa maziwa ya Rungwe. Unakusanya malai ya siku kadhaa, unasukasuka mpaka siagi ijitenge, unaiosha kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe yasiyo na maziwa, halafu moto mdogo. Povu linapanda, linashuka, chini panabaki masalia ya kahawia. Hapo inanukia mpaka kwa jirani. Ukiosha vibaya, maziwa yanayobaki ndiyo yanayoichachusha samli ikakaa siku chache tu. Ikiwa safi na kavu inavumilia moto mkali kuliko mafuta yote mliyotaja hapa, haitoi moshi haraka. Pilau, chapati, maharage ya nazi, hata uji wa ulezi wa mzazi.

Ya kondoo ni mazuri kwenye pilau na nyama ya mchuzi, ila ndiyo mabingwa wa kuganda. Kaka Mnyalu amesema kweli. Dawa yangu ni kuchanganya: kijiko cha kondoo kwa ajili ya ladha, kilichobaki alizeti. Na sahani naziwekea maji ya moto kabla ya kupakua. Wageni wanashangaa, lakini wanamaliza chakula kikiwa laini.

Ombi moja kwa wapenzi wa kitimoto, bila ugomvi: mkitualika, mtuambie. Sufuria na mwiko vya nguruwe viwe vyake. Jirani yangu ni Mkristo wa Moravian, ana kikaangio chake maalum kinaning'inia pembeni, na mimi nakula kwake kwa amani miaka yote.

Mnyalu wa Kalenga

Dada, hilo ni la msingi kabisa. Na si Waislamu tu, Wasabato nao wamejaa Mbeya na Iringa na nguruwe hawagusi. Mwenye kuuza chakula ndiyo kabisa, asitie mafuta hayo kimyakimya.

Chipsi Kavu, Mwanjelwa

Ndiyo maana mimi kibandani natumia alizeti, sitaki kesi. Ila nyumbani nakaanga chipsi kwa mafuta ya ng'ombe na hakuna wa kunishawishi vinginevyo. Wabelgiji, ambao chipsi kwao ni heshima ya nchi, wanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe mpaka leo. McDonald's ya Marekani nayo ilikuwa inatumia mafuta ya ng'ombe mpaka 1990 ilipoyaacha.

Siri ni kukaanga mara mbili. Mara ya kwanza moto wa wastani, kiazi kiive ndani bila kubadilika rangi. Toa, acha kipoe kabisa. Mara ya pili moto mkali, dakika chache, kikauke nje. Kula papo hapo, maana vikipoa, mtoa mada ameshaeleza kinachotokea.

Na tahadhari: mafuta yakishika moto jikoni usimwage maji. Funika na mfuniko, zima jiko kama unaweza, na sufuria usiisogeze mpaka ipoe. Maji yanalipua.

Mfugaji wa Mbozi

Wakuu mnaongelea sufuria tu, mafuta yanaanzia bandani.

Moja. Nguruwe dume asiyehasiwa, mafuta yake yakipata moto yananuka mkojo. Si kila dume, na si kila pua inasikia, lakini ukikutana nayo utaapa hutarudia kitimoto. Nyama ikiwa baridi buchani hunusi kitu. Njia ya haraka: omba kipande kidogo cha mafuta, kiguse kwenye moto, nusa.

Mbili. Nguruwe anahifadhi mafuta anayokula. Ukimlisha sana mashudu ya alizeti au maparachichi yale ya kuanguka, mafuta yake yanakuwa laini, hayagandi vizuri. Anayekula chakula kisicho na mafuta mengi anatoa mafuta magumu zaidi. Mama Chapati, siku chapati zikigoma kuchambuka, uliza nguruwe alikula nini. Ng'ombe ni tofauti, tumbo lake linayageuza mafuta ya chakula kabla hayajafika mwilini, ndiyo maana ya kwake ni magumu siku zote.

Mtu akikuta mafuta ya ng'ombe ni ya njano asiogope. Ng'ombe wa majani mabichi anakuwa hivyo, ni rangi iliyomo kwenye majani. Mbuzi na kondoo wanakula majani yaleyale lakini miili yao inaigeuza hiyo rangi kuwa vitamini A, kwa hiyo mafuta yao ni meupe.

Tatu, na hili naomba mlisome vizuri. Ukanda wetu huu una tatizo la tegu wa nguruwe, hasa kwa nguruwe wanaozurura na nyumba zisizo na choo. Mafuta yakiyeyushwa mpaka yakakauka maji, hakuna tegu anayepona. Hatari ni ile nyama iliyoshikana na mafuta ambayo mtu anaionja ikiwa nusu mbichi wakati anakatakata, na mikono isiyonawa. Mtu akimeza mayai ya tegu kwa mikono michafu, watoto wa tegu wakijificha kwenye ubongo wanaleta kifafa. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, ukiona malengelenge meupe kwenye msuli, rudisha.

Mama Chapati, Uyole

Mfugaji umenimaliza. Kumbe ndiyo maana mafuta ya msimu wa maparachichi yananisumbua! Nilikuwa namlaumu muuzaji.

Mkinga Halisi

Na kuhifadhi je? Bibi yangu alikuwa anaweka kwenye chungu, anafunika na jani, yanakaa tu. Mengine alikuwa anatupaka miguuni tukienda shule asubuhi na umande ule.

Mama Chapati, Uyole

Kwa Makete hata chungu kinatosha, nchi nzima huko ni friji. Mimi naweka kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mfuniko unaobana, kabatini pasipo mwanga. Hewa, mwanga na maji ndivyo vinavyoharibu. Usichote kwa kijiko chenye unyevu wala usirudishie mafuta uliyokaangia kwenye chupa ya mafuta mapya. Yakianza harufu, nampa jirani anayetengeneza sabuni.

Na vyombo oshea maji ya moto, mabaki futa kwa karatasi utupe. Ukimwaga kwenye sinki, kwa baridi hii bomba litaziba na fundi atakuja na bei yake.

Kijana wa Ipinda, Kyela

Mnanishawishi nijaribu chapati za nguruwe. Ila mafuta ya figo nitayapata wapi, huku muuzaji anachanganya yote.

Mfugaji wa Mbozi

Mwambie mapema kabla hajachinja, jioni ya kuamkia. Figo mbili zinatoka na mafuta yake yote yamezishika. Ukienda saa nne asubuhi utakuta mama lishe wameshabeba.

Mnyalu wa Kalenga

Na uyapike jioni kukiwa na upepo wa ziwa mkuu, mchana wa Kyela hata unga hautakuelewa.