Ruta inamfungia mama, mtoto anapeta: tatizo liko wapi?

Mama Pacha

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, ruta hii inanitoa jasho.

Nyumbani tuna kishikwambi cha mtoto, simu mbili za wakubwa na kompyuta yangu ya kazi. Niliingia kwenye ruta, sehemu ya udhibiti wa wazazi, nikaweka kanuni kwamba kishikwambi kikose intaneti kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ikafanya kazi vizuri tu. Saa tatu ikigonga video inaanza kuzunguka, kelele kidogo, kisha mtu analala.

Sasa mambo yamegeuka. Mtoto anaangalia katuni mpaka saa nne na intaneti iko sawa kabisa. Aliyefungiwa ni mimi! Ikifika saa tatu kompyuta yangu inaonyesha imeungana na Wi-Fi, mistari imejaa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Asubuhi inarudi yenyewe. Baba yake anasema mtoto ameingia kwenye ruta akabadilisha, mtoto anaapa hajagusa. Nimeangalia, kanuni bado ipo, imewashwa, ina jina "Kishikwambi" na saa zilezile.

Jambo la pili, sijui kama linahusiana. Chumba cha mwisho Wi-Fi ilikuwa inakatakata, nikashauriwa nitenganishe masafa mawili ya Wi-Fi, 2.4 GHz na 5 GHz, kila moja iwe na jina lake. Nikafanya hivyo. Chumba bado kinasumbua.

Nimezima na kuwasha ruta, hola. Nisaidieni kabla sijairudisha kwenye setingi za kiwandani.

Chuma Chakavu

Dada, huyo mtoto ana VPN, programu ya kupitisha intaneti kwa njia ya siri. Watoto wa siku hizi usiwachukulie poa. Mnyang'anye kishikwambi wiki nzima uone kama ruta haijapona.

Sauti ya Mbali

VPN haimsaidii hapo mkuu. Kanuni ya muda inakizuia kifaa kisitoke kabisa, na VPN yenyewe inahitaji intaneti ndipo iungane. VPN inaruka kichujio cha tovuti, hairuki kufuli la muda. Halafu VPN ya mtoto ingeifungiaje kompyuta ya mama?

Kipimo

Angalia saa ya ruta kwanza. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika, saa inarudi mwanzo (nyingine utazikuta ziko 1970) mpaka ichukue saa sahihi kutoka kwenye intaneti. Na kama ukanda wa saa haukuchaguliwa vizuri, kufuli linafunga saa ambazo hukuzitaka. Nimeshaona ruta inafungia watu mchana kweupe.

Mama Pacha

Saa iko sawa, tarehe iko sawa.

Fundi Nyaya

Dada, usirudishe kiwandani. Nijibu mawili. Kanuni yako umeifunga kwa anwani ya MAC (utambulisho wa kifaa chenyewe) au kwa IP (namba ambayo ruta inakigawia kifaa)? Na fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uniambie kishikwambi na kompyuta kila kimoja kina namba gani.

Mama Pacha

Kanuni inaonyesha 192.168.0.104. Nimeangalia orodha... 104 ni kompyuta yangu! Kishikwambi kiko 109, na MAC yake inaanza na 7A. Maana yake nini?

Fundi Nyaya

Maana yake mtoto hana kosa, mwambieni baba yake.

Ruta yako inazuia namba, haizuii kishikwambi. Jina "Kishikwambi" uliliandika wewe, kwa ruta halina uzito wowote. IP ni kama namba ya kiti cha basi: kanuni yako inasema aliyekaa kiti 104 asishuke baada ya saa tatu. Zamani alikaa mtoto, sasa umekaa wewe.

Viti vimebadilikaje? Ni pale ulipotenganisha 2.4 na 5. Simu na vishikwambi vya siku hizi havitoi MAC halisi ya kiwandani, vinabuni MAC kwa kila jina la Wi-Fi. Upande wa Android ilikuwa kawaida kuanzia toleo la 10 la mwaka 2019, upande wa iPhone na iPad kuanzia iOS 14 ya mwaka 2020. Ni kwa faragha, ili maduka na viwanja vya ndege visikufuatilie kila unapopita. Ulipoweka jina jipya, kishikwambi kikajitokeza na MAC mpya, ruta ikaona mgeni ikampa 109. Namba 104 ikabaki haina mwenyewe, muda wake ulipoisha ruta ikaigawa tena, ikakuangukia wewe.

MAC ya kubuni unaitambua kwa macho. Tazama herufi ya pili tangu mwanzo. Ikiwa 2, 6, A au E, basi imebuniwa. Yako ni 7A, umeona?

Sasa fanya hivi. Kwenye kishikwambi, ingia setingi za Wi-Fi, gusa mtandao wa nyumbani, tafuta sehemu ya faragha au ya anwani binafsi, chagua kitumie MAC ya kifaa. Ukumbuke kufanya kwa majina yote mawili, la 2.4 na la 5, maana setingi hiyo inakaa kwa kila jina peke yake. Kiunganishe upya, kisha kwenye ruta sehemu ya DHCP (inayogawa IP) kiwekee IP ya kudumu kwa kutumia hiyo MAC halisi, uchague namba isiyo na mtu. Futa kanuni ya zamani na uandike mpya. Ruta ikikupa nafasi ya kuchagua MAC badala ya IP, chagua MAC.

Chuma Chakavu

Haya, nimeondoa hoja yangu ya VPN. Lakini mtoto mjanja si atarudisha hiyo setingi ya kubuni?

Fundi Nyaya

Akiijua ataweza, ndiyo. Kwa mtoto wa namna hiyo mimi siwindi kifaa kimojakimoja. Namfungulia Wi-Fi ya wageni, jina lake na pasiwedi yake, ruta ikiruhusu naweka ratiba mtandao huo wote uzimike saa tatu. Hapo abadilishe MAC mara elfu, mlango wenyewe umefungwa. Sharti ni kubadilisha pasiwedi ya Wi-Fi kuu, kwa sababu kishikwambi tayari kinaikumbuka. Na pasiwedi ya kuingilia ruta nayo ibadilishwe. Ile iliyobandikwa chini ya ruta mtoto yeyote anayejua kusoma anaiona.

Ila bando la simu ruta hailigusi. Kifaa chenye laini yake kinatoka kivyake.

Kisima

Naomba nidandie uzi. Mimi niliweka maneno ya kuzuia kwenye ruta, yale machafu yote, na bado kurasa zinafunguka. Je, nayo ni habari ya viti?

Sauti ya Mbali

Hapana, hiyo ni HTTPS. Karibu tovuti zote sasa zinasafirisha kurasa zikiwa zimefichwa, kwa hiyo ruta inaona jina la tovuti tu, haioni maneno yaliyo ndani. Kuzuia kwa neno kumepitwa na wakati, futa orodha hiyo upumzike. Weka DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya IP) inayochuja: kwenye ruta, mahali pa DNS, andika 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Ni za Cloudflare, hazilipiwi, zinakataa tovuti za ngono na zenye virusi. Kama mtoa huduma wako anakupa IPv6 (aina mpya ya anwani za IP), jaza na upande huo 2606:4700:4700::1113 na 2606:4700:4700::1003, la sivyo vifaa vitauliza DNS kwa mlango wa pili na kichujio kitabaki pambo. Tatu, Android tangu toleo la 9 ina DNS binafsi. Hakikisha kwenye kifaa cha mtoto imezimwa. Vivinjari navyo vingine vina DNS yao ya siri ndani, izime.

Kisima

Ilikuwa IPv6! Nimejaza, zinakataa. Ahsante sana.

Nusu Waya

Turudi kwenye chumba cha mwisho, naona kimesahaulika. Mama Pacha, ruta yenyewe imewekwa wapi?

Mama Pacha

Ndani ya kabati la TV, nyuma ya TV. Haipendezi kuonekana.

Nusu Waya

Nilijua tu. TV ni bamba la chuma mbele ya antena. Itoe, iweke juu ya kabati, mahali pa wazi, mbali na maikrowevu maana nayo inafanya kazi kwenye masafa yaleyale ya 2.4. Chumba cha mwisho tumia 2.4, hiyo 5 ina kasi lakini kuta zinaimaliza. Kwenye 2.4 acha upana wa 20 MHz na uchague chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajajazana. Hizo tatu haziingiliani, ukichagua 3 au 8 unagombana na pande zote mbili. Kwenye 5 weka 36 mpaka 48. Chaneli za katikati, 52 kuendelea mpaka 144, ruta inazigawana na rada, ikihisi rada lazima ihame, na ninyi mnaona Wi-Fi imepotea ghafla.

Mama Pacha

Mrejesho wakuu. Kishikwambi kimekata saa tatu kamili, na mimi naandika hapa saa nne kasoro kwa kompyuta ileile. Baba yake amekubali yaishe, ila mtoto anadai fidia ya katuni. Ruta iko juu ya kabati, chaneli 11. Chumba cha mwisho video haikati tena, lakini kushusha faili kubwa ni polepole. Ninunue repita?

Nusu Waya

Ukiweza vuta waya wa LAN mpaka chumbani, mwisho wake uweke kifaa cha kusambaza Wi-Fi. Repita nyingi zisizo na waya zinapokea na kurusha kwa redio ileile, kasi inashuka karibu nusu.

Fundi Nyaya

Na kama ni repita lazima, uliza kwanza jinsi inavyopitisha MAC. Zipo zinazobadilisha MAC za vifaa vilivyo nyuma yake, ruta inaona namba nyingine kabisa, na kishikwambi kikihamia huko kanuni yako haitakiona.