Msaidizi wa daktari wa meno: kozi ya wiki 12, koleji ya umma, au kufundishwa kazini?

Binti_Pangani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri, shule inataka jibu Ijumaa. Nataka kuingia kazi ya msaidizi wa daktari wa meno. Kuna kozi ya wiki 12 ya shule binafsi, kuna koleji ya umma karibu mwaka mzima, na kuna kliniki iliyo tayari kunifundisha kazini. Nichukue ipi?

Mzee_FortWorth
Waalaykum salaam binti. Uko jimbo gani? Huku Marekani kila jimbo lina sheria zake. Umesoma mpaka wapi? Makaratasi yako yakoje? Na hiyo kozi bei gani?

Binti_Pangani
Shikamoo mzee. Niko Houston, Texas, nina green card, kidato cha nne cha Tanzania. Kozi ni dola 3,900.

MamaTwins
Mdogo wangu, achana na meno. Soma CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, wiki chache tu unaajiriwa. Mimi imenilelea watoto.

Mkenya_Dallas
Mama Twins, CNA inavunja mgongo. Na mwaka 2023 mshahara wa kati wa wasaidizi wa meno kitaifa ulikuwa dola 46,540, wa CNA haukufika 40,000.

Dada Pangani, usilipe kabla hujaingia darasani kwao ukaona vifaa. Shule niliyosoma mimi ilikuwa na kiti kimoja cha mgonjwa, darasa zima tunapanga foleni. Mrija wa kufyonza mate haukuvuta, tulijifunza kuushika tu. Unga wa kuchukulia umbo la meno tulikoroga mara moja, ukagandia bakulini kabla haujafika kwenye trei. Tuliahidiwa mazoezi kliniki, siku ikafika tukaambiwa kila mtu ajitafutie. Nilipopata kazi, daktari akaniomba ule utepe wa chuma unaozungushwa jino linapozibwa. Nilikuwa sijawahi kuuona. Mgonjwa mdomo wazi, daktari mkono ameunyoosha, mimi nafungua droo moja baada ya nyingine. Shule haikurudisha hata senti.

MamaTwins
Huo mgongo unaousema, na meno je? Unainama upande mmoja siku nzima. Dada yangu shingo imemkaa vibaya.

Mkenya_Dallas
Stuli ikipangwa vizuri, msaidizi akakaa juu kidogo kuliko daktari, hainami hivyo.

Mzee_FortWorth
Turudi kwa binti. Texas huwezi kupiga eksirei za meno bila kusajiliwa na bodi ya madaktari wa meno ya jimbo. Bila usajili utashika mrija, utapitisha vifaa, utavisafisha na kuua vijidudu, lakini eksirei hugusi. Kliniki ikikufundisha, uliza nani atalipia usajili.

Mimi naegemea koleji, ila iwe na ithibati ya CODA, tume inayokagua kozi za meno Marekani. Hizo zinafundisha saa zisizopungua 900, na 300 kati yake ni za kliniki. Ukihitimu unafanya moja kwa moja mtihani wa CDA, cheti cha kitaifa cha wasaidizi wa meno kinachotolewa na bodi ya DANB. Ukipitia kazini, kwanza utimize saa 3,500. Na kwa green card unaweza kuomba Pell Grant, msaada wa ada wa serikali usiorudishwa, kupitia fomu ya FAFSA. Cheti chako kitathminiwe mapema, koleji iseme kinatosha au ufanye GED, mtihani unaosimama badala ya cheti cha sekondari cha huku.

Salama_RN
Popote uendapo, anza chanjo ya homa ya ini B sasa. Kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Ukiwa umeshaajiriwa, sheria inamtaka mwajiri akupatie bure.

Binti_Pangani
Ahsanteni sana. Ila kliniki wanalipa tangu siku ya kwanza, na kodi ya nyumba hainisubiri.

Mzee_FortWorth
Wanalipa kiasi gani kwa saa? Wamekuandikia?

Mkenya_Dallas
Na gari unalo? Mazoezi ya koleji unaweza kupangiwa mbali.

Binti_Pangani
Gari bado, napanda basi. Kwa maandishi hawajanipa kitu.

Salama_RN
Unakaa upande gani, Alief? Nina jirani anasoma koleji, anaendesha kila asubuhi. Niandikie pembeni.