Cherehani ya zamani kukataa kushika uzi: tupeane uzoefu

Binti wa Kongwa: Mbukwenyi wakuu. Jana nimeitoa stoo cherehani ya marehemu mama, Singer nyeusi ya kukanyaga. Juu ya kitambaa mshono umenyooka, chini uzi unajazana mafundo matupu. Nimekaza skrubu ya kesi ya bobini, kile kikopo kinachoshika uzi wa chini, mpaka uzi unakatika. Yaliyowahi kuwakuta haya, mlifanyaje?

Fundi Majengo: Skrubu ya bobini iache. Mafundo yakiwa chini, uliolegea ni uzi wa juu. Inua mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, upitishe uzi upya. Mguu ukiwa juu zile sahani mbili ndogo zinazobana uzi wa juu zinaachana, uzi unaingia katikati. Ukiwa chini zimebanana, uzi unabaki pembeni haujashikwa. Kukaza ndiyo unashusha mguu.

Mama Sare: Umenikumbusha mbali! Januari, shule zinafunguliwa Jumatatu, nina sketi 40, Jumamosi usiku mafundo hayohayo. Umeme hakuna, niko barazani na taa ya chaji. Nikalegeza ile skrubu, ndogo kama punje ya uwele, ikaruka vumbini. Tulizoa mchanga wa baraza zima mimi na mwanangu, tukaupepeta kwenye ungo. Hamna kitu. Saa nane usiku baba watoto akavunja spika ya redio mbovu, akatoa sumaku, akaipitisha kwenye ungo. Ikatoka na pini tatu, na skrubu yangu imeng'ang'ania pembeni. Nililia. Na kosa lenyewe ni hilo la Fundi Majengo: gizani nilipitisha uzi mguu ukiwa chini. Jumatatu nilikabidhi 31. Wale tisa bado nawaonea aibu.

Mwana Manyoni: Pole mama. Yalinikuta, tena kwa suti ya bwana harusi.

Dada Vitenge: Sumaku ya spika ndogo inatosha kweli?

Mama Sare: Inatosha, mdogo wangu. Tangu siku ile inakaa kwenye droo ya cherehani.

Mzee wa Kondoa: Fundi Majengo hapo sikubaliani nawe. Binti keshaikaza, asiporudisha kwanza skrubu ya bobini, mkazo wa uzi wa juu hataupata. Shika ncha ya uzi, kesi ining'inie, itikise. Ishuke kidogo isimame. Ikidondoka imelegea, isiposhuka imekaza.

Fundi Majengo: Shikamoo mzee. Kipimo sikikatai, namkataza asiyejua kuichezea.

Mzee wa Kondoa: Marahaba. Keshaichezea.

Dada Vitenge: Mimi uzi naupaka mshumaa, unateleza vizuri.

Mwana Manyoni: Usipake! Nta inaganda kwenye sahani, na kiangazi hiki na vumbi letu inakuwa udongo. Pitisha kitambaa safi katikati, na sindano weka mpya.

Binti wa Kongwa: Nimepitisha kitambaa. Katikati ya sahani kimetoka kipande cha uzi mwekundu, kimeganda na vumbi. Ni rangi ya gauni alilonishonea mama nikiwa darasa la pili. Nimekiweka kwenye kopo lake la vifungo. Kesi nayo sasa inashuka na kusimama. Mzee, sindano namba 14 itafaa kwa kitenge?

Mzee wa Kondoa: Inafaa. Uzi uingilie upande wenye mfereji mrefu.