Mtoto kaanguka kidevu, kumbe taya limevunjika: tupeane uzoefu

MamaJunior: Jioni hii mtoto wa jirani kadondoka na baiskeli, kidevu chini puu! Nikakumbuka yangu.

Wangu alikuwa na miaka sita, alianguka mwembeni. Zahanati wakamshona kidevu nyuzi nne, wakatupa panado. Hakuna aliyemwambia afungue mdomo! Siku ya tatu kijiko hakiingii. Akijitahidi kuachama, kidevu kinakimbilia kulia. Nikajua pepopunda, nikapiga yowe mtaa mzima ukajaa. Hospitali ya mkoa eksirei ikaonyesha kichwa cha taya, pale mbele ya sikio la kulia, kimevunjika. Nikaanza kulilia upasuaji, daktari akakataa: mfupa wa mtoto hujijenga wenyewe. Wiki tatu za mtori na uji, na mazoezi ya kuachama: vijiti vya aiskrimu kati ya meno, kila siku chache naongeza kimoja. Analia, nami nalia.

Kipara02: Vile vijiti! Usinikumbushe.

MzeeWaKanda: Mngemwita fundi wa mifupa akande, siku mbili tu.

MamaJunior: Kanda goti lako, babu.

BabaNasra: Mazoezi gani? Wetu alifungwa meno kwa waya siku kumi. Mlidanganywa.

DaktariMeno: Hakuna aliyedanganywa. Meno yakikutana vizuri, hafungwi. Yakipishana, anafungwa siku chache, halafu mazoezi yaleyale. Mkimwacha kafungwa muda mrefu, kiungo kinaweza kuganda.

Tumbili_wa_Pwani: Kuganda kupo, mimi shahidi. Nilianguka ngazini nina miaka mitano, nikakandwa maji ya moto basi. Mdomo ukajifunga kidogo kidogo hadi ukagoma kabisa. Uji nilinyonya kwenye pengo la jino mpaka nikawa na miaka 13. Kidevu kikabaki cha mtoto, shuleni wakaniita Ndege. Kufanyiwa upasuaji, walikata mfupa ulioganda, wakachukua kipande cha ubavu wakatengeneza kiungo.

Kipara02: Ubavu?! Mswaki ulipigaje miaka yote hiyo?

Tumbili_wa_Pwani: Upande wa nje tu. Usiulize wa ndani.

BabaNasra: Pole sana ndugu. Siku ya kwanza kula nini?

Tumbili_wa_Pwani: Niliota mishikaki. Nikapewa uji.

MzeeWaKanda: Mafuta ya karafuu yangesaidia.

DaktariMeno: Mzee, hapana.

MamaJunior: Sisi tuliambiwa turudi kila miezi sita mpaka amalize kukua, waangalie uso usije ukakua upande. Nimeruka mara mbili.

Kipara02: Mimi tatu 🙈