Kaboni-13 ya planktoni: ndoo moja, majibu mawili

Mchujaji: Wakuu, maji ya bahari ya ndoo moja, upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe, Unguja; nachuja planktoni, yaani vijimea na vijinyama vinavyoelea. Vichujio viwili vya nyuzi za kioo, 0.7 µm. Kaboni-13 (ile kaboni nzito, ikilinganishwa na kiwango cha rejea; hasi zaidi ni kidogo zaidi): kimoja kimesoma −21.4 kwa elfu, kingine −17.2. Mashine iko sawa, sampuli za rejea zinasoma vizuri. Ni joto la maji au aina za mwani?

Kusi77: Ndoo moja haina joto mbili, mkuu. Hiyo ni chokaa. Vumbi la matumbawe linasoma karibu na sifuri. Likichukua moja ya tano tu ya kaboni iliyo kwenye kichujio, −21.4 inapanda hadi −17 na kitu. Punje chache zinatosha.

Choma vichujio vitupu nyuzi joto 450 za Selsiasi kwa saa 4. Pitisha maji kwenye wavu wa 200 µm kwanza, wadudu wakubwa wabaki nje. Baada ya kuchuja, weka vichujio kwenye desiketa (chombo cha kioo chenye kifuniko kisichopitisha hewa) pamoja na kikombe cha asidi ya hidrokloriki ya asilimia 37, mvuke wake uondoe chokaa, saa 12 hadi 24, kisha kausha nyuzi 60. Fungia kwenye vikombe vya fedha, maana bati linaliwa na asidi iliyobaki. Usimwagie asidi na kusuuza: kaboni ya mwani nayo inaondoka. Naitrojeni ipime kwenye kipande kisichoguswa na asidi.

Dema: Joto lina kazi, ila linapitia kwenye CO2. Maji baridi huyeyusha CO2 nyingi, mwani unachagua kaboni-12, ile nyepesi, utakavyo. Ndiyo maana Bahari ya Kusini inafika −28 hadi −30, na tropiki ziko karibu na −20. Mwani ukikua kasi, au seli zikiwa kubwa kama za diatomu (mwani wenye ganda la silika), CO2 inaingia polepole kuliko inavyotumika, uchaguzi unapungua, namba zinapanda. Mwani unaovuta bikabonati, kaboni nyingine iliyoyeyuka majini, hupanda zaidi, kwa kuwa bikabonati ina kaboni-13 zaidi ya CO2 iliyoyeyuka kwa 8 hadi 10 kwa elfu.

Mchujaji: Kopepodi je, wale vijikamba wadogo wa planktoni?

Kusi77: Hao angalia mafuta, yana kaboni-13 kidogo. Uwiano wa kaboni kwa naitrojeni (C:N) kwa uzito ukizidi 3.5, uzidishe kwa 0.99, toa 3.32, jumlisha jibu kwenye kipimo cha kaboni-13. C:N ya 5 inaongeza 1.63. Kanuni hiyo ni ya wanyama. Usiipeleke kwenye vichujio vyako.