Mjadala: Anayepiga picha ya CT akiona dalili za mshtuko wa damu, aseme papo hapo au asubiri ripoti?

Mtoa hoja, radiografa, Nairobi

Hoja yangu ni kwamba radiografa alazimike, wala si kuruhusiwa tu, kumjulisha daktari wa dharura mara anapoona dalili za mshtuko wa mzunguko wa damu kwenye picha za CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya mwili tabaka kwa tabaka, hata kama ripoti rasmi ya daktari wa radiolojia haijaandikwa. Mshtuko ninaousema si ule wa kuogofywa. Ni hali ambayo damu haivifikii tena viungo kwa kiasi vinavyohitaji, na kwa majeruhi aghalabu ni kwa sababu damu inamwagika ndani ya mwili pasipo mtu kuiona.

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, picha za usiku zilisomwa na daktari aliyekuwa mbali, naye alikuwa akihudumia vituo kadhaa kwa wakati mmoja. Usiku mmoja aliletwa kijana wa bodaboda aliyegongwa na gari. Shinikizo lake la damu lilikuwa 104 kwa 70, mapigo ya moyo 118, na alikuwa akiuliza pikipiki yake imewekwa wapi. Picha za tumbo zilipoanza kutokea kwenye kioo, niliona vena kava ya chini, yaani mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, ambao kwa kawaida huwa na umbo la yai, umelala bapa kama utepe. Niliupima juu ya figo, usawa wa figo na chini yake, na kote ulikuwa milimita 6 kutoka mbele hadi nyuma, ilhali chini ya milimita 9 tayari huhesabiwa kuwa ni bapa. Kuta za utumbo mwembamba ziling'aa kupita kiasi, tezi za adrenali ziliwaka juu ya figo, na bandama ilikuwa imefifia. Nilimpigia daktari msomaji simu mara tatu bila kujibiwa, na kanuni ya kituo ilinikataza kutamka lolote kwa mtu mwingine. Kijana alirudishwa wodini, na kabla ya saa moja kupita shinikizo lake lilianguka. Alipona baada ya upasuaji, lakini dakika zile zilipotea bure.

Nchini Uingereza, tangu miaka ya 1980, radiografa walikuwa wakibandika alama nyekundu kwenye filamu waliyoitilia shaka, ili daktari aitazame kwanza. Sisi tunashindwa na nini?

Daktari wa radiolojia

Ndugu radiografa, uliyoyaona uliyaona sawasawa, lakini hoja yako inapita haraka mahali penye utelezi. Hakuna dalili hata moja kati ya hizo inayotosha peke yake. Vena kava huweza kuwa bapa hata kwa mtu ambaye hajanywa maji tangu asubuhi, na upana wake hubadilika kwa jinsi mgonjwa anavyovuta pumzi wakati picha inapigwa. Kundi la dalili hizi lilielezwa mwaka 1987 nchini Marekani kwa watoto waliojeruhiwa, na thamani yake tangu hapo imekuwa katika kuonekana kwa pamoja: mishipa iliyosinyaa, utumbo unaong'aa, majimaji kuzunguka kongosho, adrenali zinazowaka.

Hatari ninayoihofia zaidi iko kwenye utumbo. Mwili unapopungukiwa na damu hubana mishipa ya tumbo ili ubongo na moyo vipate cha kwao. Damu hupita polepole kwenye kuta za utumbo, mishipa midogo huvuja, na dawa ya kung'arisha picha hubaki humo. Kwa hiyo utumbo huvimba na kung'aa karibu wote kwa urefu wake, na mara nyingi hurudi katika hali yake mgonjwa akishaongezewa damu. Utumbo uliopasuka ni jambo jingine: huathirika kipande, na pengine hewa huonekana nje yake. Sasa mtu akipiga simu saa nane usiku akasema "utumbo umeharibika", daktari wa upasuaji aliyechoka anaweza kufungua tumbo kwa jeraha ambalo halipo.

Muuguzi wa idara ya dharura

Mnabishana juu ya kioo, na mimi nataka kurudi mlangoni. Gawanyeni mapigo 118 kwa shinikizo la juu 104: jibu linapita 1, wakati mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 0.5 na 0.7. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi asilimia 30 ya damu yake, karibu lita moja na nusu, kabla shinikizo halijaanguka, na mtoto hujikaza hata zaidi kisha huanguka ghafla. Kijana yule alituambia tangu alipopokelewa, ila tulitazama 104 tukaridhika. Kumpeleka CT bila mtu wa kumwangalia mezani lilikuwa kosa letu kabla halijawa la radiografa.

Mtoa hoja

Sista, hilo nalikubali bila kinyongo, ingawa halinifungi mdomo. Penye kosa la kwanza ndipo jicho la pili linapohitajika. Na Daktari, pingamizi lako limenifanya nibadili maneno ya hoja. Radiografa asitaje ugonjwa. Aseme alichokipima: "Vena kava ni milimita 6 sehemu tatu, bandama imefifia, kuna majimaji tumboni, mgonjwa bado yuko mezani, tafadhali njoo umwone." Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, sioni jinsi kunyamaza kwangu kunavyoweza kupatana nayo.

Daktari wa radiolojia

Kwa maneno hayo naondoa pingamizi la kwanza, mradi utaje pia mapigo yake na kama dripu imeshaanza. Linabaki la pili, na hili wasimamizi wa hospitali ndio wa kulijibu: radiografa akipiga simu kumi usiku na tisa zikawa si kitu, ni nani atakayemkinga asikaripiwe, ili ile ya kumi isije ikakosa kupigwa?